Siku nzima ya Katharine Hepburn, patamu wametuwekea wachambuzi wa mpira!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Wiki nzima chaneli moja ya filamu za zamani kwenye king'amuzi changu imetutangazia: tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Katharine Hepburn, mwigizaji wa Hollywood, ni picha zake tu asubuhi mpaka usiku. Mimi kwa huyu mama sisikii la mwadhini. Oscar nne za mwigizaji bora wa kike, ya kwanza kwa picha ya 1933, ya mwisho kwa picha ya 1981, na hata moja hakwenda kuipokea! Nikaomba ruhusa kazini, nikalipia kifurushi kikubwa, nikanunua umeme.

Saa tatu asubuhi, Bringing Up Baby ya 1938. Picha imevutwa! Filamu za enzi zile zinakaribia umbo la mraba, TV za leo zimetanuka, kwa hiyo mwenye akili anaacha weusi pembeni. Wao wameivuta ijae kioo. Kate, mwembamba vile, mashavu yamechongoka, kapewa uso wa chapati. Hata chui (wa kweli yule, na Kate aliigiza naye) kawa kama kiboko. Nikajikaza.

Saa nane, zamu ya The Philadelphia Story. Wakarudia chui! Na matangazo ya sabuni na kubeti yanaingia katikati ya sentensi. Vichekesho vile maneno yanakwenda kama cherehani, ukikosa sekunde mbili utani umekufa.

Kilichonipandisha mori ni usiku. The African Queen, 1951. Nikamwita mama. Mama kazaliwa Kigoma, meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika kaipanda tangu utotoni, nikamwambia ile manowari ya Wajerumani kwenye hadithi chimbuko lake ni hiyohiyo Liemba, enzi inaitwa Graf von Götzen, kabla Wajerumani hawajaizamisha wenyewe 1916 na Waingereza kuja kuiibua. Akaacha mchele kwenye ungo, akakaa. Nikamsimulia na walivyoipiga filamu hiyo kule Kongo na Uganda, watu wakaugua matumbo, Kate akiwemo, wakapona Bogart, mwigizaji mwenzake, na mwongozaji John Huston waliokuwa wakinywa wiski badala ya maji. Akacheka sana.

Basi tumefika mwisho. Kate na Bogart wamekamatwa, vitanzi viko tayari, wanamwomba nahodha Mjerumani awafungishe ndoa kwanza ndipo awanyonge... kioo kikakatika. Wachambuzi watatu kwenye makochi wanapiga soga, na mechi yenyewe bado dakika arobaini!

Nikapiga huduma kwa wateja. Jibu: "Zima king'amuzi, washa tena." Nikiwasha ndiyo Bogart anarudi?

Mama nimemsimulia mwisho wake, anasema namdanganya ili alale. Asubuhi hii kabla hata ya salamu: "Wale watu wameozeshwa au wamenyongwa?" Mwenye kujua inarudiwa lini aniambie, na kama ni kwenye chaneli isiyovuta sura za watu, nahama leoleo.