Nitathibitishaje kwamba mgongo uliumia kazini?

Swali: Ndugu zangu, mwezi uliopita niliumia mgongo nikipakua magunia ya saruji katika ghala moja hapa Nairobi, lakini mwajiri anadai ni maradhi ya zamani. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, ndugu. Chini ya sheria ya fidia ya mwaka 2007, mwajiri akishaarifiwa hutakiwa kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Mwandikie mwajiri leo, ubaki na nakala. Dai lenyewe liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita.

Jibu: Kwa maoni yangu, rekodi ya hospitali ya siku ileile ndiyo yenye uzito zaidi, hasa daktari akiwa ameandika ulichoinua na maumivu yalipoanza. Kama uliwahi kuugua mgongo, tafadhali usimfiche, ili aeleze kilichobadilika. Wapakuzi wenzako walioshuhudia nao waandike maelezo mapema.