Nikichomeka aksesi pointi nyumba nzima inakosa intaneti, naombeni ushauri

mangi_mdogo:
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Moshi hapa, Pasua. Nyumbani kuna rauta ya laini ya 4G, kifurushi cha mwezi, inafanya vizuri tu sebuleni ila vyumba vya nyuma haifiki kabisa. Nikavuta waya nikanunua na rauta nyingine yuzdi (iliyotumika) niitumie kama aksesi pointi, yaani isambaze waifai huko nyuma. Sasa ajabu yake, nikiichomeka simu zinasema zimeungwa lakini net hakuna, na sio huko nyuma tu, mpaka sebuleni baadhi ya simu zinakata. Nikichomoa, baada ya muda mambo yanarudi. Fundi mmoja kaniambia ninunue aksesi pointi ile ya kufunga nje ya laki mbili na nusu nimeshampa hamsini ya kuanzia. Je ni sahihi??

Bwashee Kiusa:
Jiunge bando ulale mkuu, maisha mafupi haya.

Dada Tekno:
Hiyo yuzdi tupa, mimi ninazo mesh za pakiti tatu, mpya, nipo stendi pale, njoo inbox.

Fundi wa Njoro:
Usinunue kitu kwanza. Nijibu haya: waya una urefu gani, umechomeka tundu gani kwenye hiyo yuzdi, na DHCP umezima? Chukua simu isiyopata net, fungua setingi za waifai, soma IP yake (anwani ya namba) uniandikie hapa.

mangi_mdogo:
Waya ni wa kawaida tu mkuu sijapima. Tundu ni lile la LAN. DHCP ndo nini? IP inasoma 192.168.0.104, ila simu ya mama inayofanya kazi inasoma 192.168.8 na kitu.

Fundi wa Njoro:
Basi ugonjwa ndo huo. Una rauta mbili na zote zinagawa anwani, huko kugawa ndo DHCP. Simu ikipewa na ile ya 4G inapata 192.168.8, inatoka nje vizuri. Ikipewa na yuzdi inaelekezwa itokee kwenye yuzdi, ambayo yenyewe haina laini, kwa hiyo inagonga ukuta. Ni bahati nasibu nani kawahi kujibu. Chomoa waya, unga simu kwenye yuzdi peke yake, ingia 192.168.0.1, badilisha IP yake iwe 192.168.8.2, zima DHCP, sevu, ndo urudishe waya tundu la LAN. Bure kabisa, hamsini yako kamdai huyo fundi.

Meku Mstaafu:
Vijana kuweni makini na waya zinazopita nje. Mwaka juzi masika radi ilipiga mti wa jirani, haikugusa nyumba yangu hata kidogo, lakini ilipita kwenye waya wa net niliouvuta mpaka bandani ikaondoka na swichi, tivii na friji ya mama watoto. Friji lilikuwa na nyama ya kitimoto ya sikukuu. Mpaka leo nikisikia ngurumo nachomoa kila kitu, hata pasi.

Bwashee Kiusa:
Meku pole ya friji au pole ya kitimoto?

mangi_mdogo:
Asante Fundi. Tatizo paswedi ya kuingia kwenye rauta kubwa sina.

Fundi wa Njoro:
Hiyo kubwa hatuigusi, nimesema yuzdi. Ila ngoja, rauta ya nyumbani kwenu na paswedi huna? Ya nani?

mangi_mdogo:
Ya familia.

Mama Vero:
Familia ni nani, mwanangu? Nani analipa kila mwezi?

mangi_mdogo:
Analipa bro, yuko Dar. Aliweka kwa ajili ya kamera awe anamwona mama. Juzi umeme ulikatika, uliporudi kamera ikagoma, kanipigia saa tano usiku, nikamwambia ni mtandao tu. Lakini jamani mimi ndo ninayelala hapa, mimi ndo nampeleka mama KCMC kliniki, yeye anaona kwenye simu tu.

Fundi wa Njoro:
Umeme uliporudi kamera iliomba anwani upya, yuzdi ikaiwahi. Ndo ilivyokufa.

Mama Vero:
Sasa mwanangu mimi ya mitambo siyajui, lakini usiku ule mama yako angeanguka bafuni huyo kaka yako angejuaje? Kwa nini usimwambie tu ukweli? Mimi nina wanangu watatu nawajua, wa mwisho ndo hivi hivi, anajibu nusu nusu kama anakula miiba ya samaki.

Chalii wa Sakina:
Mimi niulize, huko vyumba vya nyuma anakaa nani?

mangi_mdogo:
Wanafunzi wa chuo, wapangaji.

Chalii wa Sakina:
Wanakupa shingapi?

mangi_mdogo:
Ya chumba anachukua mama. Ya waifai ni elfu kumi kwa chumba, vyumba sita, wameshanilipa miezi miwili na ndo hela niliyonunulia waya na rauta, kwa hiyo kurudisha siwezi. Na sio wizi, kifurushi hakina kikomo, bro hapungukiwi kitu.

Bwashee Kiusa:
Hahahaaa. Mchaga akiona hewa inapita bure anaikatia risiti.

Kilaza Msomi:
Hapungukiwi? Wanafunzi sita wakishusha muvi usiku kamera ya bimkubwa itaona nini? Halafu kuuza intaneti ni biashara inayotaka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mikataba mingi ya vifurushi vya nyumbani inakataza kuuza.

Mzee wa Mbuyuni:
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Nimekulia Pasua. Nyumba kubwa, vyumba sita vya wapangaji nyuma, na umbali ambao waifai haifiki "kabisa"? Pasua ipi hiyo? Kule ukipiga chafya jirani anakwambia afya. Kijana anatunga.

Dada Tekno:
Hata mimi nilihisi. Angekuwa na shida kweli angekuja inbox.

Chalii wa Sakina:
Chai ya maziwa kabisa, mwandalie na kitumbua.

Fundi wa Njoro:
Ile IP hatungi mtu asiyejua DHCP ni nini. Ila mangi urefu wa waya hujanijibu mpaka sasa.

mangi_mdogo:
Sawa. Sio Pasua, ni Uru. Nilibadilisha kwa sababu bro naye anapitaga humu. Nyumba ya mama iko juu, vyumba viko chini barabarani, katikati ni kihamba, shamba la migomba la ukoo. Nilinunua roli la mita 305 nimetumia kama 130. Na kwa taarifa yenu mimi ndo kitindamimba, nyumba na hicho kihamba mila inajua ni vya nani.

Meku Mstaafu:
Kihamba utarithi, kifurushi cha watu hakirithiwi mbe.

Fundi wa Njoro:
Mita 130 ndo ulikuwa unaficha! Waya wa net mwisho wake mita 100. Ukizidisha utawaka leo kesho unasinzia. Na ukwangue nyuzi za ndani kwa wembe, ukikuta nyeupe ujue ni alumini imepakwa shaba, hiyo hata 100 haifiki vizuri. Na ile ya laki mbili na nusu usidhani itapenya kutoka sebuleni, migomba imejaa maji, inakunywa mawimbi. Labda redio mbili za kuelekezana, na nguzo zipite juu ya migomba zionane. Rahisi zaidi ni swichi ndogo ya net katikati ya njia, kama kuna umeme.

mangi_mdogo:
Katikati kuna zizi la ng'ombe, taa ipo.

Fundi wa Njoro:
Sio ndani ya zizi. Hewa ya mkojo inakula shaba. Ining'inize nje chini ya paa, kwenye boksi lililozibwa. Na masika mfuate Meku, chomoa.

*(siku tatu baadaye)*

mangi_mdogo:
Wakuu mrejesho. Nimezima DHCP, nimeweka 8.2, swichi ipo ubavuni mwa zizi. Simu zote zinasoma 192.168.8, kamera imerudi. Wanafunzi wanasema usiku inakuwa nzito ila wanavumilia. Fundi yule hamsini anasema ameshaagiza mzigo.

Mama Vero:
Na kaka yako?

mangi_mdogo:
Bado. Atapanda Desemba kama kawaida, ndo nitamwambia.

Fundi wa Njoro:
Mangi, kamera inaangalia upande gani?

mangi_mdogo:
Mlango wa mbele na uwanja.

Fundi wa Njoro:
Na roli la waya ulilivutia wapi?

mangi_mdogo:
Uwanjani.

Bwashee Kiusa:
😂😂😂 Ruwa wangu.