Naomba ushauri: upweke wa mwaka mmoja ugenini, na miezi miwili na nusu tu ndiyo imepita

Mjukuu wa Kirumba (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Mimi ni binti wa miaka 23, nimezaliwa na kukulia Kirumba, Mwanza, na tangu tarehe 1 Septemba niko kusini mwa Ujerumani kwa mwaka mmoja wa kujitolea katika shule ya chekechea. Nimekuja peke yangu. Ninaishi katika chumba kwenye nyumba ya mama mmoja mtu mzima ambaye hana ubaya wowote nami, lakini tunakutana jikoni tu, tunasalimiana, kisha kila mtu anafunga mlango wake.

Tatizo langu ni upweke. Mwezi wa kwanza sikuusikia, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kigeni, na kila jioni nilipiga simu nyumbani, huku ikiwa saa moja na huko saa mbili, tukazungumza mpaka bando likaisha. Sasa jua linazama saa kumi na nusu jioni, Jumapili maduka yote hufungwa na mitaa huwa kimya, nami ninaweza kukaa tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi bila kutamka neno zaidi ya salamu. Tarehe 1 Novemba, ambayo huku ni sikukuu ya Watakatifu Wote, nilikwenda makaburini nikakaa saa mbili nzima nikiwatazama watu wakiwasha mishumaa. Juma lililopita, tarehe 11, watoto wa chekechea waliandamana gizani na taa za karatasi kwa ajili ya Mtakatifu Martin. Nilipoziona taa zile zikienda kwa msururu nikakumbuka taa za wavuvi wa dagaa ziwani usiku, nikashindwa kuimba, ikabidi niiname kama ninayefunga kamba za kiatu cha mtoto.

Naomba mnishauri: mtu afanye nini ili aumalize mwaka katika hali hii? Na je, ni aibu kurudi nyumbani kabla ya wakati?

Udaga Asilia (saa 3:42 usiku)

Pole sana dada. Mimi nilikaa Uturuki mwaka mmoja na nusu, na kilichoniponya kilikuwa ugali. Tafuta duka la Waafrika katika mji mkubwa ulio karibu nawe, kwa maana mengi huuza unga wa mahindi na wa muhogo, na ukikosa kabisa, semolina ya ngano inasongeka ingawa haina harufu ya udaga wa kwetu, yaani ule wa muhogo uliovundikwa. Kisha mwalike mtu mmoja, hata huyo mama mwenye nyumba, mle katika sahani moja. Mimi nilimwalika jirani aliyekuwa hanisalimii, na tangu siku ile akawa ndiye anayenigongea mlango.

Mwalimu wa Butimba (saa 4:05 usiku)

Marahaba binti. Nitakuambia ukweli kwa sababu nimefundisha watoto wa rika lako kwa miaka 31. Nafasi uliyopewa inatamaniwa na vijana wengi kuanzia Nyegezi hadi Igoma, na wengine wana vyeti vizuri kuliko vyako. Upweke haujamuua mtu. Amka mapema, jifunze lugha yao kwa bidii, nenda kanisani, andika kila siku jambo moja ulilojifunza. Ukirudi leo, yule atakayeomba nafasi hiyo baada yako ataambiwa kwamba watu wa Mwanza hawamalizi.

Karabai (saa 4:20 usiku)

Mimi sijavuka mpaka wa nchi, lakini upweke naufahamu. Nilikaa miaka miwili katika kisiwa cha wavuvi, nikinunua dagaa na kuwapeleka soko la Mwaloni, Mwanza. Watu walidhani kwamba kazi ndiyo iliyokuwa ngumu, kumbe siku ngumu zilikuwa zile za mbalamwezi, wakati dagaa hawaifuati taa na mitumbwi haitoki. Ndipo nilipokuwa nikihesabu mabati ya kibanda mara mia. Nilipona nilipoanza kufuma nyavu za watu bila malipo, kwa sababu mfumaji huketi katikati ya watu. Nawe tafuta kazi ya mikono inayofanyika mbele za watu.

Mjukuu wa Kirumba (saa 5:00 usiku)

Nawashukuru wote. Huku ni saa tatu usiku, huko najua ni saa tano, kwa hiyo samahani kwa kuwakesheza.

Mwalimu, kuvumilia nimevumilia. Lugha ninajifunza mara mbili kwa juma, na kanisani ninakwenda. Lakini naona nikiri kwamba nimeshaandika barua ya kuacha, ingawa sijaituma, na nimeshikilia nafasi ya tiketi ya tarehe 9 Desemba ambayo natakiwa kuilipia kabla ya Ijumaa usiku. Baiskeli niliyokuwa nimeinunua nimeshampa kijana wa ghorofa ya chini. Sidhani kwamba huu ni uamuzi wa pupa. Mtu anayeijua nafsi yake anajua inapofika mwisho.

Mama Igoma (saa 5:18 usiku)

Mwanangu, mimi ni mama wa watoto wanne na nimesoma maneno yako mara tatu. Umetuuliza kama kurudi ni aibu, kumbe mizigo umeshaifunga. Hilo nakuachia. Ninalotaka kukuuliza ni jingine. Mtu aliyelemewa na upweke huenda stendi, huenda sokoni, hukaa kanisani hata baada ya misa kwisha. Wewe ulikwenda makaburini, ukakaa saa mbili katika baridi ya Novemba. Na hizo simu za kila jioni ulizitaja kana kwamba zimekwisha, wala hukutuambia kwa nini zilikwisha. Ulikuwa ukizungumza na nani, mwanangu?

Mwalimu wa Butimba (saa 5:25 usiku)

Mama Igoma, tusimchokonoe mtoto. Aliuliza namna ya kuumaliza mwaka.

Mjukuu wa Kirumba (Jumatano, saa 1:30 asubuhi)

Mama, shikamoo. Sikulala.

Nilikuwa nikizungumza na bibi yangu mzaa mama. Alifariki tarehe 6 Oktoba. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne. Ndiye aliyekuwa akianika dagaa kwenye vichanja, nami nikifukuza kunguru kwa fimbo kabla ya kwenda shule. Ada yangu yote ilitoka pale. Mjomba alinipigia saa nne asubuhi nikiwa katika chumba cha kuvulia makoti ya watoto, akaniambia kwamba wanavuka naye kesho yake kwenda kumzika Ukerewe, kwamba hata nikipanda ndege usiku ule sitawahi, na kwamba nauli yangu ni fedha ambayo familia haina. Nikamwambia sawa. Nikarudi darasani, nikasema kichwa kinaniuma, nikaendelea kumenya matofaa.

Huku hakuna anayejua. Mama mwenye nyumba hajui. Nimewakwepa hata Watanzania wa mji huu, kwa sababu najua watanipa pole, nami nikipewa pole basi itakuwa kweli. Ndiyo sababu nataka kurudi. Msinielewe vibaya, sikimbii kazi. Nataka nikae pale alipozikwa, hata siku moja, nimwambie kwamba sikumtupa. Sioni kosa langu katika jambo hilo, na sioni kwa nini nisubiri hadi Agosti.

Mzee wa Nansio (saa 2:15 asubuhi)

Mjukuu wangu, pole sana, na Mungu ampumzishe bibi yako.

Mwaka 1984 nilikuwa mwanafunzi Leningrad, katika Muungano wa Kisovieti. Desemba jua lilituangaza kwa muda wa saa sita hivi, na barua kutoka Ukerewe ilichukua majuma matano kunifikia. Barua ya kaka yangu ilinifikia ikisema kwamba baba amezikwa, na nilipohesabu siku nikaona kwamba hata arobaini imepita. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha hesabu, nikaenda kwenye somo la maabara. Sikumwambia mtu mpaka mwezi Machi, na huyo niliyemwambia alikuwa mama mpishi wa bwenini, ambaye hata hatukuelewana vizuri kwa lugha. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akanifuta uso, akaniwekea sahani ya pili ya supu. Nilirudi nyumbani mwaka 1987. Nilipofika kaburini, nyasi zilikuwa zimeota, zikakatwa, zikaota tena. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi ng'ombe waliporudi. Sikukuta kwamba nimechelewa.

Sikubali Haraka (saa 3:40 asubuhi)

Nisameheni, lakini hapa kuna jambo haliendi sawa. Katika andiko la kwanza tumeambiwa kwamba huko ikiwa saa moja, nyumbani ni saa mbili, yaani tofauti ni saa moja. Jana usiku tukaambiwa kwamba huko ni saa tatu na huku saa tano, yaani saa mbili. Ujerumani haijahama mahali ilipo. Kisha kisa kinakua kila anapoulizwa: kwanza upweke, halafu tiketi, halafu bibi. Tumeshaona nyuzi za namna hii, na ukurasa unaofuata huwa ni namba ya kuchangia nauli. Naomba watu wasitoe fedha.

Udaga Asilia (saa 3:55 asubuhi)

Hata mimi nilianza kujiuliza. Kuna mtu alitulilia hapa mwaka jana kwamba amekwama ugenini, tukamchangia, naye akapotea.

Mtu wa Tampere (saa 4:30 asubuhi)

Ndugu Sikubali Haraka, tahadhari yako ni ya haki, lakini ushahidi wako unasimama upande wa binti. Nchi nyingi za Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa hiyo Septemba Ujerumani iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na Novemba kwa saa mbili. Mimi niko Finland, ambako majira ya joto saa zetu ni sawa kabisa na za Mwanza, kisha tunapungua kwa saa moja. Mtu anayebuni akiwa amekaa Buzuruga, hapo Mwanza, angeandika tofauti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeandika zote mbili bila kueleza ni yule ambaye saa yake ya ukutani imerudishwa nyuma.

Mjukuu wa Kirumba (saa 7:20 mchana)

Sijaomba hata shilingi, wala sitaomba. Ninaandika wakati watoto wamelala usingizi wa mchana. Sikuficha kwa kuwa nabuni. Nilificha kwa kuwa hilo neno nilikuwa sijawahi kuliandika popote.

Sikubali Haraka (saa 7:41 mchana)

Dada, ya saa sikuyajua. Pole kwa msiba.

Muuguzi Ugenini (saa 12:50 jioni)

Mdogo wangu, nimeingia sasa kutoka zamu. Nilifanya mwaka wa kujitolea huku kabla ya kusomea uuguzi, kwa hiyo nitazungumzia yale ninayoyajua. Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya serikali katika majimbo machache tu ya Ujerumani, hasa yale yenye Wakatoliki wengi, na ukiwa kusini, katika mji wenye Watanzania unaowakwepa, nadhani uko Würzburg. Kama ndivyo, huo ni mji dada wa Mwanza tangu mwaka 1966, na kuna wazee pale waliowahi kufika Mwanza na kuujua mlima wa Bugando. Ukimwambia mmoja wao kwamba bibi yako alianika dagaa Kirumba, hatakuuliza Kirumba ni wapi.

Kuhusu barua: usiitume kabla ya kuzungumza na mratibu wako. Kibali chako cha kuishi kimetolewa kwa ajili ya kazi hiyo, na ukiiacha, kurudi tena ni safari ndefu ya makaratasi. Lakini mtu wa kujitolea ana siku zake za likizo, na kufiwa ni sababu inayoeleweka katika nchi hii. Omba likizo uende nyumbani majuma mawili, ukae Ukerewe, kisha uamue ukiwa umelala usingizi. Tena katika mwaka mzima kuna siku 25 za semina pamoja na wenzako wa kujitolea, na mimi rafiki zangu wote wa mwaka ule niliwapata huko. Usiku ukiwa mrefu kupita kiasi, kuna Telefonseelsorge, yaani simu ya kuwasikiliza na kuwafariji wenye dhiki, 0800 1110111, ni bure na wapo saa 24. Wanazungumza Kijerumani, lakini nilipowapigia mimi kwa Kijerumani cha kuvunjika walinisubiri.

Na huyo mama mwenye nyumba, mwambie. Leo.

Mwalimu wa Butimba (saa 1:30 usiku)

Binti, nilisema upweke haujamuua mtu. Sikujua ninamwambia mfiwa. Pole sana.

Mjukuu wa Kirumba (Ijumaa, saa 4:45 usiku)

Shikamooni. Dada Muuguzi, ndiyo, ni Würzburg.

Jana usiku nilimgongea mama mwenye nyumba. Nilikuwa nimetayarisha sentensi nne kwa Kijerumani, nikaishia kwenye ya pili. Hakusema kitu. Alikwenda sebuleni, akarudi na picha ya mume wake, ambaye sikuwahi kujua kwamba alikuwa na mume, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akanipa ishara nilete ya kwangu. Mimi nina picha moja tu kwenye simu, bibi amesimama mbele ya vichanja, jua likimchoma, amekunja uso. Tuliiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Tulikaa hadi saa sita.

Mratibu amenijibu leo kwamba likizo ya majuma mawili kuanzia katikati ya Januari inawezekana. Nafasi ya tiketi ya Desemba inakwisha baada ya saa chache, na mpaka sasa sijailipia wala sijaifuta. Barua bado iko kwenye kompyuta. Nauli ya Januari sijui itatoka wapi, na Sikubali Haraka asiwe na wasiwasi, nitaitafuta mwenyewe. Januari inaonekana mbali sana, nisiwafiche.

Mama Igoma (saa 5:02 usiku)

Mwanangu, mwezi huu wa Novemba ni wa marehemu wote. Jumapili nitapeleka nia ya misa hapa parokiani kwetu. Niandikie jina la bibi kwa ujumbe wa faragha.

Mjukuu wa Kirumba (saa 5:09 usiku)

Nimekutumia, mama. Ni majina matatu, la ubatizo na yale mawili ya Kikerewe. Tafadhali mwambie msomaji ayasome yote.