DeskMini X300 haiingii kwenye ganda lake, nitafute kipoza gani?

mhariri_tabata
Wakuu, naombeni msaada. Nimejenga kompyuta ndogo, ASRock DeskMini X300, nikaweka Ryzen 5 5600G. Kazi yake ni kuhariri video za harusi. Nikajua nimemaliza, kumbe kile kipoza kilichokuja na prosesa, Wraith Stealth, kina kimo cha milimita 54, na kasha linapokea kipoza kisichozidi 46. Nikisukuma trei iliyobeba mazabodi irudi ndani, feni inagota ukingoni. Wiki mbili sasa naitumia ikiwa uchi mezani. Juzi mjusi akaingia, feni ikamla mkia.

Naona watu wanasifia Thermalright AXP90-X47. Niagize?

fundi_wa_kivukoni
Usiagize mkuu! Hiyo 47 kwenye jina ndiyo kimo chake. Imezidi milimita moja tu, lakini bati halibembelezwi. Ndugu yake X36 anaingia. Mimi natumia Noctua NH-L9a-AM4, milimita 37 pamoja na feni. Hakikisha imeandikwa AM4, ndiyo soketi ya prosesa yako ya AMD, maana NH-L9i ni ya Intel.

kaka_pikseli
Wekea kipoza cha maji tu, uwe na amani.

fundi_wa_kivukoni
Kasha lote halifiki lita mbili. Radieta ataiweka mfukoni?

mhariri_tabata
😂 Na joto je? Chumba changu mchana ni nyuzi 32, AC sina.

mama_soldering
Kipoza cha feni hakiwezi kushuka chini ya joto la chumba, kwa hiyo usijilinganishe na Wazungu wanaopima kwenye nyuzi 21. Wewe anza na kumi zaidi yao. Prosesa hiyo ni ya wati 65 na kikomo chake ni nyuzi 95. Ukikuta cTDP (kikomo cha wati za prosesa) kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, weka 45. Video itachelewa kidogo kutoka, basi.

Ila kwenye kuifungua ndipo pa kuwa makini. Skrubu nne za L9a zinaingilia nyuma ya mazabodi, kwa hiyo kuvuta trei hakutoshi, itoe mazabodi yenyewe. Kabla ya hapo, iwashe dakika kumi pesti ilainike (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza), zima, chomoa umeme, legeza skrubu, kisha zungusha Wraith taratibu kushoto na kulia ndipo uinue. Mimi nilikurupuka, ikang'oka na prosesa yake. Pini mbili zikalala. Nilizinyanyua kwa wembe usiku kucha, mkono unatetemeka.

mhariri_tabata
Asante mama, umeniokoa, maana nilishashika bisibisi. Pesti ya zamani nifutie nini?

mama_soldering
Alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoachia nyuzi. Pamba hapana.