Hiace haina taa za breki hata moja, nimeigonga nyuma, kosa langu!

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka, nikichapia mnisamehe.

Jana saa moja usiku natoka Mbezi kwenda Kibaha, manyunyu, foleni ya kusogea na kusimama. Mbele yangu Hiace ya abiria. Konda kaona mtu kanyoosha mkono, dereva kakanyaga breki palepale, mimi nashtukia iko juu ya boneti yangu. Nyuma yake hakuna kilichowaka!

Na msiniambie nilikuwa nasinzia. Taa zake ndogo nyekundu zilikuwa zinawaka vizuri tu, na hapo ndipo tunapodanganyika. Balbu ile ya nyuma kwa gari nyingi ina nyuzi mbili: wa wati 5 unawaka ukiwasha taa za usiku, wa wati 21 unawaka ukikanyaga breki. Ukikatika ule wa 21, au fyuzi ikiungua, au swichi ya kwenye pedali ikifa, gari kwa nyuma inaonekana nzima kabisa. Dereva mwenyewe hawezi kujua akiwa kwenye usukani, ila konda anashuka kila kituo. Kazi yake ni kuhesabu nauli tu?

Trafiki kafika: "Umegonga nyuma, hukuacha nafasi." Nikamwambia afande, mwambie akanyage breki uone. Kakanyaga. Giza. "Hilo ni kosa lake lingine, ataandikiwa."

Kaandikiwa elfu 30, kapakia abiria, kaondoka na giza lake lilelile! Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu 1973, inakataza gari bovu kutembea barabarani, sasa ile faini imemtengenezea taa? Au ni tiketi ya kwenda kugongwa na mwingine mbele?

Mimi nimebaki na bampa, taa na rejeta. Bima yangu ni ile ndogo, ya kumlipa mtu mwingine tu, kwa hiyo mlango wake wa nyuma utalipwa na bima yangu, vya kwangu natoa mfukoni. (Na nyie mnaopaka taa za nyuma rangi nyeusi eti urembo, hamna tofauti na huyu.)

Kuna aliyewahi kubishia ajali ya kugonga nyuma akashinda? Video ninayo, dereva anakanyaga breki mbele ya afande na hakiwaki kitu. Nianzie kituoni au kwenye bima?