Makabati, vyombo vya umeme na mpangilio wa jiko la watu saba Kigamboni: naomba ushauri kabla ya plasta

MJENZI WA KIGAMBONI
Ndugu wanajamvi, salaam. Nimekuwa nikijenga kidogo kidogo nyumba ya familia huku Kigamboni, kiasi cha kilomita mbili kutoka baharini, na sasa nimeshapaua. Kinachofuata ni mabomba na nyaya za umeme, kisha plasta. Tutaishi watu saba: mimi na mke wangu, watoto wanne, na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua lakini hakubali kukaa bila kazi ya jikoni. Vitumbua vya asubuhi ni vyake, tena anavipika kwa mkaa, na hakuna kati yetu anayetaka kumwondolea heshima hiyo.

Jiko lina mita 3 kwa mita 4. Kwenye ramani liko mbele, kona ya mashariki, na limetenganishwa na sebule kwa ukuta mmoja ambao rafiki zangu wananishauri niubomoe ili jiko liwe wazi. Nyuma, upande wa magharibi, kuna chumba cha ukubwa uleule nilichokusudia kiwe stoo, na kando yake mlango wa kutokea uani.

Fundi mmoja amenipa makadirio ya makabati ya MDF meupe yanayong'aa, kwa bei ninayoimudu. Mwingine anasisitiza mninga mtupu, na bei yake imenizidi kimo. Kuhusu vyombo, fedha iliyobaki inatosha friji pamoja na kimoja kati ya hivi viwili: jiko kubwa la umeme lenye oveni, au mashine ya kufulia. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuishi na uamuzi wao, kwa sababu dukani kila kitu kinapendeza.

SEREMALA WA KEKO
Ndugu yangu, hongera kwa kufikia hatua ya kupaua. Nimetengeneza makabati kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi nyingi ninazoitiwa siku hizi si za makabati mapya bali ni za kubomoa yaliyooza kabla ya wakati wake. Karibu kila mara uharibifu umeanzia mahali pamoja, yaani chini ya sinki. Mwezi uliopita nilifungua kabati la MDF ambalo kwa nje lilikuwa bado linang'aa kama kioo. Sakafu yake ya ndani ilikuwa imevimba kama andazi lililoloa chai, na nilipoibonyeza kwa kidole gumba, kidole kiliacha shimo. Chanzo kilikuwa tone moja moja kwenye kiungio cha bomba la maji machafu, na mwenye nyumba hakuwa amelitambua kwa miezi mingi.

MDF ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kushindiliwa. Ikipata maji kwenye kingo zake huvimba, na ikishavimba hairudi. Sisemi isitumike kabisa, kwa maana kwa makabati ya nguo chumbani inafaa na inapakika rangi vizuri. Kwa jiko la Pwani, ambako hata hewa yenyewe ina unyevu na chumvi, mimi siiweki chini ya kiuno.

Ninachokushauri ni njia ambayo mafundi wa zamani waliijua, na ambayo itakupunguzia gharama ya mninga. Mwambie fundi mwashi akujengee kuta fupi za tofali badala ya mbavu za kabati, amwage juu yake slabu ya zege yenye nondo, ya unene wa sentimita 7 au 8, kisha ndani na juu aweke marumaru, au granaiti kwa juu ukijaliwa. Sakafu ya ndani ya makabati hayo iinuliwe sentimita 10 kutoka kwenye sakafu ya jiko, na sehemu hiyo irudishwe ndani kidogo ili mpikaji apate pa kuingiza vidole vya miguu anaposimama. Maji yakivuja utapangusa, na mchwa watakosa cha kula. Mbao zitabaki kwenye milango na fremu tu, na hapo ndipo mninga au mkongo utaweza kuumudu, kwa sababu utanunua mbao chache sana. Mninga ukikushinda kabisa, mtiki nao unahimili maji na mchwa. Msonobari wa Sao Hill ni wa bei nafuu zaidi, lakini hakikisha umetiwa dawa na umekauka, maana mbao mbichi hujipinda na mlango haufungi tena. Kwa makabati ya juu, ambayo hayapati maji, tumia plaiwudi ya marini, kwa kuwa gundi yake haiachii kwa unyevu.

Neno moja kuhusu bawaba: kwa umbali huo kutoka baharini, bawaba za chuma cha kawaida zitashika kutu mapema. Nunua za chuma kisichoshika kutu, hata kama itakulazimu kupunguza idadi ya droo.

MAMA WA MBEZI
Kaka, nimesoma maelezo yako mara mbili, na kabla hujaamua mbao naomba uangalie kwanza jiko lenyewe liko wapi. Sisi tulijenga kwa ramani ya kununua, tukaweka jiko upande wa mashariki bila kuuliza mtu, na tumeishi na harufu ya samaki wa kukaanga kwenye mapazia na magodoro kwa miaka tisa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takribani Desemba hadi Machi. Kusi nayo hutoka kusini na kusini mashariki, na hushika miezi mingi inayobaki. Pepo zote mbili husukuma hewa kuelekea magharibi, kwa hiyo jiko likiwa mashariki, moshi na harufu hupita nyumba nzima kabla ya kutoka. Wazee waliojenga nyumba zile za Kiswahili, zenye korido katikati na vyumba pande mbili, waliliweka jiko uani na hawakuwa na haja ya kueleza sababu.

Una bahati kubwa kwamba mabomba bado. Badilisha: chumba cha mashariki kiwe stoo au, afadhali zaidi, chumba cha mama mkwe wako, apate upepo na asitembee mbali kufika sebuleni. Chumba cha magharibi kiwe jiko, kwa kuwa tayari kiko karibu na mlango wa uani. Litakuwepo tatizo moja ambalo sitakuficha, nalo ni jua la alasiri, litakalochoma ukuta huo saa zilezile za kupika chakula cha jioni. Ongeza paa litokeze mita 2 au 2 na nusu nyuma ya jiko, upate baraza lenye kivuli. Hapo ndipo mama atapikia vitumbua vyake, na hapo pia kitakaa kinu, pamoja na masufuria makubwa siku ya shughuli. Mkaa usiruhusiwe ndani hata siku ya mvua, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu waliolala.

Kuhusu kubomoa ukuta wa sebule, mimi ningeuacha. Jiko la wazi linafaa nyumba ambayo watu hupasha chakula. Katika nyumba ya watu saba ambako nazi inakunwa, vitunguu vinakaangwa na mgeni anaweza kubisha hodi saa yoyote, ukuta huo unampa mpikaji uhuru wa kupika bila kutazamwa.

FUNDI UMEME MSTAAFU
Nitajibu la vyombo peke yake. Plagi ya ampea 13, ambayo ndiyo tunayoitumia nchini, hubeba takribani wati 3,000 tu. Jiko kubwa la umeme lenye sahani nne na oveni linaweza kuhitaji wati 7,000 likiwashwa lote, kwa hiyo linataka waya wake wa milimita za mraba 6 moja kwa moja kutoka kwenye ubao wa umeme, na bureka yake, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, ya ampea 32. Ulaze waya huo sasa kabla ya plasta, hata kama jiko utalinunua baada ya miaka mitatu. Kulaza waya leo kunakugharimu waya wenyewe, lakini baada ya plasta kutakugharimu waya, marumaru na ugomvi na fundi.

Kwa kuanzia, nunua mashine ya kufulia na upikie gesi. Oveni ya wati 2,500 ikiwaka mfululizo kwa saa moja hula uniti mbili na nusu, na LUKU yako itakueleza mwenyewe. Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kijumba kilichofunguliwa chini, maana gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni badala ya kupanda dirishani. Soketi zikae mbali na sinki, angalau sentimita 30. Friji iachiwe nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma yake ili ipumue, na iwekewe kifaa cha kuikinga umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo.

MJENZI WA KIGAMBONI
Nawashukuru sana. Jana jioni nilikwenda na mke wangu hadi kwenye boma, tukasimama katika chumba cha magharibi saa kumi na moja, na kwa kweli ukuta ulikuwa wa moto kiasi cha kushindwa kuuegemeza mkono. Hata hivyo tulipowasha kijinga cha moto katika chumba cha mashariki, moshi wote ulipita sebuleni, ukafuata korido mpaka vyumba vya kulala. Hatukuhitaji ushahidi mwingine. Jiko linahamia magharibi, na baraza litaongezwa.

Limebaki swali moja kwa ndugu yangu wa Keko. Slabu ya zege haishushwi wala kupandishwa ikishamwagwa. Mke wangu ni mrefu, mama yake ni mfupi na hawezi kusimama kwa muda. Niimwage kwa kimo cha nani?

SEREMALA WA KEKO
Imwage kwa kimo cha mkeo, kwa kuwa ndiye atakayesimama hapo muda mrefu zaidi. Mwambie asimame wima akiwa na viatu anavyovaa nyumbani, akunje mkono, kisha upime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko na utoe sentimita 10 hadi 15. Kwa watu wengi hutoka kati ya sentimita 85 na 92, na kipimo hicho kihesabu pia unene wa marumaru za juu na za sakafuni, kwani hapo mafundi wengi hukosea.

Slabu yenyewe iwe ya umbo la L, yenye upana wa sentimita 60, sinki likae chini ya dirisha la uani na jiko la gesi upande mwingine, likiachiwa angalau sentimita 40 kila upande za kutua sufuria la moto. Friji iweke karibu na mlango wa kuingilia, watoto wachukue maji bila kumpita mpikaji kwa nyuma. Ukuta unaobaki wazi ni wa mama. Mtengenezee meza ya mbao yenye kimo cha sentimita 72, isiyo na kabati wala droo chini yake, ili kiti kiingie na magoti yakunjuke. Mapana ya meza yasizidi sentimita 60, na katikati itabaki njia ya mita 1.8, inayotosha watu wawili kupishana hata mmoja akiwa ameketi. Mbuzi ya nazi nayo nitamtengenezea ya kufunga ukingoni mwa meza hiyo, asilazimike tena kuketi chini.