Tupeane uzoefu: mbwa na paka wanaodhurika kwa viwavi wenye manyoya

Njoro: Tangu masika yaanze, viwavi wenye manyoya wamejaa kwenye ua wangu wa kayaba, na leo asubuhi nimemkuta paka akimgeuzageuza mmoja kwa ukucha. Nimemwingiza ndani, lakini moyo haujatulia. Aliyewahi kuuguza mnyama kwa sababu yao naomba atueleze.

Pembezoni mwa Msitu wa Kakamega: Yaliyompata mbwa wetu sitayasahau. Huku kuna viwavi wa Anaphe, wale wanaofugwa kwa ajili ya hariri ya mwitu, ambao hula majani ya mti wa shikangania na kutembea kwa msafara, mmoja nyuma ya mwenzake, kisha hujenga kiota kimoja cha hudhurungi cha kundi zima. Kiota kiliangushwa na dhoruba, naye akakitafuna. Nilipomfikia alikuwa akiparua mdomo kwa miguu ya mbele na kusugua uso kwenye nyasi, mate yakimchuruzika mpaka kifuani, ulimi umevimba hata meno yameacha alama pembeni. Nilipoumulika kwa tochi ya simu niliona vinyweleo vya rangi ya dhahabu vimechoma humo. Jirani alitaka kuvifuta kwa kitambaa nikamzuia, kwa sababu kusugua huvivunja na kuvizamisha zaidi. Nilivaa glavu, nikamwinamisha kichwa ili maji yasielekee kooni, nikamwosha kinywa kwa maji mengi ya uvuguvugu huku mke wangu akitafuta pikipiki. Njiani alitapika na kuanza kukoroma kila anapovuta pumzi. Daktari wa mifugo alimdunga dawa za kupunguza uvimbe na maumivu, akatueleza kwamba kule Hispania na Italia, ambako jamaa wa viwavi hawa huishi kwenye misonobari, mbwa anayecheleweshwa huweza kupoteza kipande cha ulimi. Wetu alipona, namshukuru Mungu.

Kisumu, Milimani: Pole sana, ndugu. Ushauri wangu ni maziwa mabichi papo hapo, maana maziwa hukata sumu.

Nakuru, Section 58: Hapo sikubaliani nawe. Maziwa hayang'oi kinyweleo kilichokwisha kuchoma, na mnyama aliyevimba koo akinyweshwa kwa nguvu, yanaweza kuingia mapafuni.

Kisumu, Milimani: Nyanya yangu alifuga mbwa maisha yake yote na maziwa ndiyo yaliyokuwa dawa yake.

Nakuru, Section 58: Kwa heshima zote kwa nyanya, maji kwanza, halafu daktari.

Bungoma: Mnahangaika na matokeo na kuacha chanzo. Mwagieni mti mafuta ya taa, mchome viota vyote.

Pembezoni mwa Msitu wa Kakamega: Tafadhali usichome! Moto hurusha vinyweleo hewani vikaingia machoni na vifuani mwa watoto, na hata kiota kilichoachwa tupu bado huwasha. Isitoshe, viota hivyo ni riziki ya majirani zangu, kwa hiyo mfunge mbwa mbali na mti huo badala ya kuuangamiza.

Bungoma: Riziki ya jirani haiwezi kumlipa daktari wangu.

Eldama Ravine: Mbwa wangu naye alitokwa mate hivyo hivyo. Kweli tupu.

Nakuru, agroveti: Nawasihi jambo moja, kwa kuwa wateja huniuliza kila msimu wa mvua. Msimpe paka Panadol, kwani hata kidonge kimoja kinaweza kumuua, na dawa za ibuprofen huharibu tumbo na figo za mbwa. Vinyweleo vilivyobaki juu ya ngozi vibandueni kwa selotepu bila kusugua, mzuieni asijilambe, na mpigieni daktari kabla ya kuondoka nyumbani ili awe tayari. Wewe wa Njoro, mwangalie paka huyo leo nzima: akianza kudondosha mate, kukataa chakula au kuvimba uso, usingoje kesho.

Njoro: Nimewasikia. Amekula vizuri mchana huu, na mdomo wake nimeukagua, hauna uvimbe. Kesho naukata ua huo upande wa jikoni, nikiwa na glavu na barakoa.